Kinachoua Giaboksi ya VX ya Zamani

Msomaji mmoja wa Arusha amepata Land Cruiser VX ya mwaka 1996, dizeli, otomatiki, dashibodi inasoma kilomita 340,000. Anaitaka kwa kazi ya kupeleka wageni Ziwa Natron. Fundi mmoja kamwambia otomatiki ikifika kilomita hizo imekwisha. Mwingine kamwambia zile za Toyota za zamani hazifi. Anauliza amsikilize nani.

Asimsikilize yeyote, maana wote wanapima kwa kilomita. Giaboksi ya gari hilo, A442F, ina gia nne na imeundwa kwa kazi nzito. Zipo zilizopita kilomita 300,000 bila kufunguliwa, na zipo zilizoungua zingali mbichi. Tofauti yao ni joto lililopita kwenye oili, na kujua joto hilo linatoka wapi kunatutaka tuingie ndani ya kitu kimoja tu. Gia zenyewe naziruka. Ni hesabu za meno, na hazijawahi kunifurahisha.

Kitu chenyewe ni lile bakuli la chuma lililokaa kati ya injini na giaboksi, ambalo mafundi huliita toki konvata. Alilibuni Mjerumani Hermann Föttinger, hataza yake ni ya mwaka 1905, wala hakuwa na habari na magari. Alikuwa kwenye kiwanda cha meli huko Stettin, mji ambao leo ni Szczecin nchini Poland, akitafuta namna ya kuunganisha taabini ya mvuke inayokimbia mno na panga la meli linalotaka kwenda polepole. Ndani hakuna meno yanayoshikana. Gurudumu moja lenye mapezi linazungushwa na injini na kuirusha oili. La pili linapigwa na oili hiyo na kuzungusha giaboksi.

Utamu wote uko kwenye kipande cha tatu, kilichobanwa katikati ya hayo mawili. Jina lake la kitaalamu ukilitohoa unapata "stata", na stata tunayo tayari, ile ya kuwashia gari. Fundi ukimwambia stata imekufa atafungua kwingine kabisa. Nitakiita kigeuza-mkondo mpaka BAKITA watupatie jina zuri zaidi.

Kuona kazi yake, chukua kijana aliyesimama juu ya mkokoteni, mwenzake anamwelekezea mpira wa maji yenye presha. Maji yakimgonga kifuani na kudondoka, mkokoteni unasogea kiasi. Sasa mpe karai alishike mbele yake, maji yaingie, yageuke, yarudi yalikotoka: msukumo unakaribia mara mbili kwa maji yale yale, kwa kuwa kwanza ameyasimamisha, kisha ameyarusha kinyume. Tabu ni kwamba maji yanayorudi yanamsukuma nyuma mwenye mpira. Basi tafuta mtu wa tatu, akite miguu ardhini katikati yao, naye awe na karai lake. Anayapokea yanayorudi, anayageuza tena, yanakwenda mbele pamoja na yale mapya. Kijana wa mkokoteni anapata msukumo ambao mwenye mpira peke yake asingeuweza, na ziada inatoka kwa yule aliyekita miguu. Mkokoteni ukishika kasi na kukaribia mwendo wa maji, hakuna kinachorudi tena, na mtu wa tatu anageuka kuwa kizuizi. Hapo heri aondoke. Kwenye gari, mtu huyo wa tatu ndiye kigeuza-mkondo, nacho kimekalishwa juu ya klachi ya upande mmoja, kwa hiyo mkondo ukikigonga kwa nyuma kinaachia na kuzunguka na wenzake.

Gari likianza kung'oka, mpango huu unaongeza nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili. Ndiyo sababu otomatiki hutoka kwenye tope kwa upole ambao klachi ya mguu haina.

Lakini oili inayorushwa bila kusogeza kitu inapata moto tu. Injini ikitoa kilowati 50 huku matairi yamegoma kabisa kwenye mchanga wa Engaruka, kilowati zote 50 zinaishia kwenye oili. Kwa lita 10 hiyo ni karibu nyuzi 3 za sentigredi kila sekunde. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaagiza jaribio la kukanyaga mafuta huku breki imeshikwa lisizidi sekunde 5, nawe sasa unajua kwa nini. Kwenye lami, gia ya juu, konvata inajifunga kwa klachi yake ya ndani na oili inapumzika.

Wahandisi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa oili kwa nusu. Sili za mpira zinakakamaa, presha inavuja, na sahani za klachi, ambazo zimebandikwa kitu cha jamii ya karatasi kilicholoweshwa gundi, zinaanza kuteleza. Kuteleza kunaongeza joto, na joto linaongeza kuteleza.

Kwa hiyo mchangani ingiza L mapema, ile ya wenzo mdogo wa H na L, si ile ya wenzo wa giaboksi. Madereva wengi huiona L kama gia ya nguvu, ya kutumia mambo yakiharibika. Kwenye VX hiyo, L hulizungusha gurudumu la pili la konvata karibu mara 2.5 zaidi kwa mwendo ule ule wa tairi, pengo kati yake na la kwanza linapungua, oili inapoa. Taa ya A/T OIL TEMP ikiwaka, simama, weka P, na usizime injini: pampu ya oili inazungushwa na injini, na bila pampu oili haifiki kwenye rejeta kupozwa.

Ndugu msomaji, hizo 340,000 zisikutishe. Lipashe gari moto, likiwa linanguruma vuta dipstiki ya giaboksi, pangusa kwenye tishu nyeupe. Oili nyekundu, hata iliyofifia kidogo, endelea kujadili bei. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, toa kwenye bei gharama yote ya kufungua giaboksi. Ikiwa ya waridi, nzito, haipitishi mwanga, maji ya rejeta yameingia na zile karatasi zinabanduka. Hilo usilichukue hata kwa nusu bei.