Je, Wajua? Wageni Waliomaliza Ndege wa Visiwani

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa ndege wa visiwani, mgeni alikuja mwenyeji akaangamia. Katika kila aina 10 za ndege zilizotoweka duniani tangu mwaka 1500, takriban 9 zilikuwa za visiwani. Wengi wameuawa na viumbe tulioshuka nao chomboni.

Je, wajua kwamba dodo alikuwa jamaa ya njiwa? Aliishi Mauritius pekee. Kwa kuwa hakuwa na adui, hakuruka, na alitaga chini. Waholanzi walifika 1598. Panya, nguruwe na kima walioletwa na meli wakala mayai yake. Haikutimia karne moja, dodo akaisha.

Je, wajua kwamba paka walimaliza aina nzima ya ndege? Kisiwa cha Stephens, New Zealand, kilikuwa na ndege mdogo asiyeruka. Mnara wa kuongozea meli uliwashwa mwaka 1894, na watunzaji wake wakaja na paka. Miaka michache tu, ndege hayupo.

Je, wajua kwamba ndege wakitoweka, buibui hutawala? Baada ya Vita Kuu ya Pili, nyoka mgeni aliingia Guam, na inaaminika alijificha katika shehena za jeshi. Akawala ndege, na kati ya aina 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 zilitoweka porini. Msimu wa mvua, buibui wa msitu huo wamehesabiwa hadi mara 40 ya wale wa visiwa jirani.

Je, wajua kwamba Hawaii haikuwa na mbu? Waliletwa na meli katika karne ya 19, kisha malaria ya ndege ikaenea. Mwaka 2023 Marekani ilitangaza kwamba aina 8 za ndege wa huko zimetoweka.

Je, wajua asili ya kunguru weusi wa pwani yetu? Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Sasa wametapakaa hadi Dar es Salaam na Mombasa, wakila mayai na makinda ya ndege wenyeji.

Je, wajua kwamba wakati mwingine madhara ya binadamu kwa ndege hurekebishika? Kisiwa cha Cousin, Ushelisheli, kilifyekwa kikapandwa minazi, hata aina moja ya ndege mwimbaji ikabaki na ndege chini ya 30, wakibanana kwenye kipande cha mikoko. Mwaka 1968 kisiwa kilinunuliwa kiwe hifadhi. Minazi ikapunguzwa, msitu wa asili ukarudi, na baadhi ya ndege wakahamishiwa visiwa vingine. Leo wako maelfu. Hapo mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.