Ufahamu: Maua ya Ndani Wakati wa Kipupwe

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Ikombe ni kijiji cha Wilaya ya Kyela kilichopo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Wanawake wa Kikisi wa huko hufinyanga vyungu kwa mikono, navyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi Matema kuuzwa. Vyungu hivyo ni vya kupikia, lakini wapo wanaovipandia maua ya ndani. Chungu kikibaki Kyela, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ua halisumbuliwi sana na baridi. Kikipelekwa Mbeya, mita 1,700 hivi, hali hubadilika. Kwa wastani, joto hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Kwa hesabu hiyo, Mbeya huzidiwa joto na Kyela kwa nyuzi 8 hivi. Tofauti hiyo huumiza zaidi wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti.

Maua mengi yanayokufa msimu huu huuawa na maji kabla ya baridi. Mmea ukipata baridi, hukua polepole na majani yake hupoteza maji kidogo. Kwa sababu hiyo mizizi hunywa kidogo, na udongo hubaki umelowa kwa siku nyingi. Maji hujaza nafasi za hewa zilizomo kwenye udongo, mizizi hukosa oksijeni, kisha huoza. Mizizi iliyooza haiwezi kupandisha maji, hivyo majani hunyauka. Mwenye ua akiona majani yamelegea hudhani lina kiu, akaongeza maji. Hapo ndipo analimaliza.

Chungu cha udongo kina faida na hasara. Kuta zake zina vitundu vidogo sana vinavyopitisha maji, kwa hiyo udongo hukauka upesi kuliko kwenye ndoo ya plastiki. Lakini maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi, na ndiyo sababu mizizi iliyo ndani ya chungu kilicholowa hupoa zaidi.

Tufanye nini basi? Kwanza, chungu cha kupikia hakina tundu chini. Kitobolewe taratibu, au ua lipandwe kwenye kopo lenye matundu na kutumbukizwa ndani yake. Pili, kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya kwanza. Ukiwa bado na unyevu, subiri. Unaweza pia kugonga chungu: kikiwa kikavu hulia, kikiwa kimelowa hutoa sauti nzito. Tatu, mwagilia asubuhi kwa maji yaliyolala ndani ya nyumba. Nne, weka chungu juu ya ubao, kisikae kwenye sakafu ya saruji yenye baridi. Tano, acha mbolea mpaka joto lirudi, kwa kuwa mmea usiokua hauihitaji.

Mwanga nao una nafasi yake. Kwa kuwa tupo kusini mwa Ikweta, mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Ua lililo kwenye dirisha la kusini hukosa jua. Lihamishie dirisha la kaskazini, na usiku liondoe karibu na kioo. Hata hivyo, usiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili kupata joto. Hewa yake ya sumu huua watu.

Maswali

1. Kwa nini ua linaweza kunyauka ilhali udongo wake umelowa?
2. Eleza faida moja na hasara moja ya chungu cha udongo wakati wa kipupwe.
3. Mwandishi amepataje nyuzi 8? Onesha hesabu.
4. Fupisha aya ya nne kwa maneno yasiyozidi 40.