Bomba la Mgongoni

Katika nchi ya vilima ya Kasulu na Kibondo watu hulima maharage, mahindi, kahawa na tumbaku. Mvua zinyeshapo mimea huota, na wadudu nao huja. Mwaka 2017 kiwavijeshi vamizi, mdudu mwenye asili ya bara la Amerika, aliingia katika nchi yetu, akaanza kula mahindi hata moyo wa mmea. Kwa sababu ya wadudu kama hao, wakulima wengi hubeba bomba mgongoni na kupulizia dawa.

Bomba hili ni tangi lenye kuchukua lita 16 hivi, lenye mikanda miwili ya mabegani. Mkono mmoja husukuma mpini juu na chini, na mkono wa pili hushika fimbo yenye kitundu kidogo, ambamo dawa hutoka kama ukungu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi mwenye kubeba bomba lililojaa amebeba zaidi ya kilo 16, na likivuja, humlowesha mgongo wake mwenyewe.

Sasa liangalieni neno hili, dawa. Dawa ya hospitali humponya mtu. Dawa ya bomba ni sumu iliyotengenezwa ili iue. Wengi hudhani kwamba sumu huingia kwa kinywa na pua tu. Kumbe hupenya hata katika ngozi isiyo na jeraha. Tena sumu iliyo kali zaidi haimo katika bomba, bali katika chupa, maana bado haijachanganywa na maji. Kwa hiyo saa ya kuchanganya ndiyo saa ya hatari kubwa.

Mkulima mwenye busara hufanya hivi. Kwanza, hutia maji matupu katika bomba, aone kama linavuja. Pili, huvaa nguo ndefu, glovu, viatu virefu vya mpira, miwani na barakoa. Suruali huiacha nje ya viatu, sumu isije ikatiririka ndani. Tatu, hupima dawa kama karatasi ya chupa inavyoagiza, na kuikoroga kwa kijiti, si kwa mkono. Nne, huangalia upepo, apate kupulizia mahali ambapo utaipeleka dawa mbali naye. Huchagua jioni, nyuki wakiisha kurudi mizingani, kwa kuwa asali ya Kibondo ni mali ya watu wengi. Kitundu kikiziba, hakipulizi kwa kinywa. Hukiosha kwa maji. Wala hali chakula wala kuvuta sigara kabla ya kunawa kwa sabuni.

Kazi ikiisha, bomba haliogeshwi mtoni. Mito mingi ya huko huingia Malagarasi, nao Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Maji unayoyachafua wewe, jirani yako huyateka. Chupa tupu husuuzwa mara tatu, maji yake yakamiminwa katika bomba kabla ya kupulizia, kisha hutobolewa, mtu asije akatilia mafuta ya kula.

Mtu akitoka jasho jingi na mate, akatapika, au akipumua kwa shida, mwondoeni shambani, mvueni nguo zenye dawa, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mkampeleke hospitali upesi pamoja na chupa ile, mganga apate kuijua sumu. Msimlazimishe kutapika. Wengine humnywesha maziwa, lakini maziwa hayaondoi sumu.

Je, mtoto afanye nini? Asilibebe bomba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari. Lakini iko kazi moja aiwezayo vema: kusoma. Babu yako pengine hakupata shule, na maandishi ya chupa ni madogo. Msomee kipimo, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mwonyeshe utepe wa rangi: mwekundu ni sumu kali sana, wa njano hufuata, kisha wa buluu, na wa kijani ni wa hatari ndogo kuliko yote. Lakini hata huo wa kijani si maji ya kunywa.

Elimu yako ikimlinda babu yako shambani, hujasoma bure. Tahadhari kabla ya hatari.