Wasifu wa Kutungwa katika Maonyesho ya Karne ya 19

Katika maonyesho ya Marekani ya karne ya 19, ambamo watu wenye maumbile yasiyo ya kawaida walitazamwa kwa kiingilio, kilichouzwa hakikuwa mwili peke yake bali pia wasifu wa kutungwa, yaani umri, asili na cheo ambavyo mwenye maonyesho alimpachika mtu aliyeonyeshwa, kisha akavichapisha katika vijitabu na matangazo.

Mfano ulio dhahiri ni wa Joice Heth, ajuza Mweusi aliyekuwa mtumwa, kipofu na mwenye kupooza, ambaye mwenye maonyesho P. T. Barnum alinunua haki ya kumwonyesha mwaka 1835. Alitangazwa kuwa ana miaka 161 na kwamba ndiye aliyemlea George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na ikatolewa hati ya mauzo yenye tarehe ya 1727 ili mtazamaji ajione anapima ushahidi, si kuamini tu. Watazamaji walipoanza kupungua, barua ilitokea gazetini ikidai kuwa Heth si binadamu, bali ni mashine ya mpira na mifupa ya nyangumi, hata waliokwisha kumwona wakapata sababu ya kurudi na kulipa tena, kwani katika biashara hii shaka nayo ilikuwa bidhaa. Alipofariki Februari 1836, maiti yake ilipasuliwa mjini New York mbele ya watu wapatao 1,500, kila mmoja kwa senti 50, na daktari akakadiria kuwa hakuzidi miaka 80.

Wasifu haukutungwa kwa kipimo kimoja kwa wote. Charles Stratton, mtoto mzungu wa Connecticut, alikuwa na miaka 4 tu mwaka 1842 alipotangazwa kuwa Mwingereza wa miaka 11, kwa kuwa ufupi wa mtoto mdogo haumshangazi mtu, kisha akavikwa cheo cha jenerali. Kwa Mweusi uongo ulielekea chini: mwaka 1860, miezi michache baada ya kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kutoka, Barnum alitangaza kiumbe kati ya mtu na nyani, eti kilichonaswa kando ya mto Gambia. William Henry Johnson, aliyehusishwa na nafasi ya kiumbe hicho kwa miongo mingi hadi kifo chake mwaka 1926, alikuwa mzaliwa wa New Jersey, na jukwaani hakutakiwa kuzungumza, maana sentensi moja ya Kiingereza cha nyumbani kwao ingetosha kuifuta Gambia yote.