Je, Wajua? Magimbi ya Uani

Je, wajua kwamba jani la gimbi halilowi? Lirushie maji uone: yanajikusanya kuwa matone ya duara, yanateleza na kuondoka na vumbi. Uso wake umejaa vinundu vyenye nta, vidogo mno kuonekana kwa macho. Mtoto anayelikata njiani mvua ikimkuta anajua anachofanya.

Wajua kwamba tone linaloning'inia kwenye ncha ya jani alfajiri huenda si umande? Usiku mizizi huendelea kuvuta maji, na yakizidi jani huyatoa nchani.

Kiu hiyo ya mizizi ndiyo ya kuzingatia hapa kwetu. Kuanzia Mbinga hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa mvua ni za msimu mmoja, na zikikata kuanzia Mei majani huanza kunyong'onyea. Basi gimbi lipande yanakotokea maji ya bafuni au ya kuoshea vyombo, maji ambayo ungeyamwaga bure. Mashimo ya ngoro ya Wamatengo yanazuia udongo na maji mteremkoni, lakini hayo waachie mahindi na maharage. Gimbi lipeleke bondeni. Ufukweni Mbamba Bay, mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, joto hulikuza upesi. Huku juu Mbinga, baridi ya Juni na Julai hulidumaza. Usiling'oe kwa hasira.

Wajua kwamba gimbi hupandwa bila mbegu? Ukivuna, kata kichwa pamoja na kipande cha mabua, ukirudishe ardhini. Kilichobaki kipeleke jikoni. Ila ukipanda aina moja tu, ugonjwa mmoja unatosha. Mwaka 1993 baka jani liliingia Samoa na kuangamiza magimbi, yaliyokuwa zao lake kubwa la kuuza nje.

Wajua kutofautisha magimbi? Bua likishika jani kwa ndani, mbali kidogo na ukingo, hilo lina asili ya Asia. Likishika kwenye pengo la ukingoni, ni ndugu yake kutoka Amerika ya kitropiki. Na lile la mapambo lenye ncha inayotazama juu, usilitie chunguni.

Na muwasho wa gimbi? Ni fuwele za oksaleti ya kalsiamu, zenye ncha kali kama sindano. Menya mikono ikiwa mikavu, chemsha mpaka kisu kipenye chenyewe, mwaga maji ya kwanza. Majani nayo usiyale mabichi, hata machanga.