Mwasumini wa Mama Ulivyorudi Nyumbani

Ni nani kati yetu sisi watu wa pwani asiyeijua asumini? Ndiyo itungwayo kikuba pamoja na waridi, rehani na mkadi, ikavaliwa na mama zetu na dada zetu siku za harusi. Lakini wengi tunaoijua kwa harufu hatujui kuitunza. Mimi nilikuwa mmoja wao, na ujinga huo ulikaribia kunipotezea kitu kisichonunulika kwa pesa.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mwasumini mmoja katika ua wa nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akichuma vitumba kabla havijafunguka, kwani asumini hufunguka jioni na kunukia usiku, na kesho yake huwa imeanza kusinyaa.

Alipofariki, kazi hiyo ikanishukia mimi. Kwa kuuonea huruma mti ule, sikuthubutu kuutia mkasi. Nikawa naumwagia maji asubuhi na jioni, tena ya kisima chetu, ambayo yana chumvi. Mwaka wa kwanza ulitoa majani mengi na maua machache. Mwaka wa pili majani yakaungua kingoni, kisha yakapukutika. Nilipochimbua nikakuta mizizi imeoza.

Nilianza kutafuta mbegu. Kumbe najisumbua bure! Asumini yetu hii ni nadra sana kuzaa mbegu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za karibu, na ilienea kwa mikono ya watu: tawi lilikatwa, likachomekwa, likashika. Hata Ufilipino, ambako ilifanywa ua la taifa mwaka 1934, huendelezwa vivyo hivyo.

Bibi mmoja jirani aliposikia kilio changu alicheka. "Mwanangu, mwasumini wa mamako si uko kwangu? Alinipa tawi mwaka nilipomwoza binti yangu wa kwanza."

Akanikatia matawi matatu, na mafunzo juu yake. Tawi lisiwe changa sana wala gumu sana, na urefu wake uwe kama sentimita 15. Majani ya chini yaondolewe, kisha lichomekwe katika udongo uliochanganywa na mchanga, ndani ya chungu chenye tundu chini. Likae kivulini majuma kadhaa mpaka litoe mizizi, ndipo lipelekwe penye jua. Maji yawe ya mvua au ya bomba, nayo yatiwe pale tu udongo wa juu unapokauka. Samadi ya mbuzi inafaa, lakini iwe imekwisha kuoza, maana ile mbichi huunguza mizizi.

"Na mkasi usiuogope," akaniambia. "Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Ukiacha kuukata, utapata kuni." Basi kila maua yakiisha, punguza ncha za matawi, na mara moja kwa mwaka, masika yanapokaribia, kata kiasi cha thuluthi moja ya mti.

Katika matawi yale matatu, moja lilikufa na mawili yakashika. Moja ninalo uani, pale pale ulipokuwa mti wa mama. La pili nimempelekea dada yangu Malindi. Nisingefanya hivyo zamani. Ningeona napunguza changu. Sasa najua kwamba lau mama angekuwa mchoyo, leo mti wake usingekuwako popote.

Siku hizi nyua zetu nyingi zinamwagwa saruji, na katika baadhi ya harusi maua ya plastiki yameshika nafasi ya vikuba. Lakini chungu kimoja barazani au juu ya dari chatosha, mradi kipate jua.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mtu akipewa raihani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na ina harufu nzuri. Basi ndugu msomaji, ukipewa tawi, pokea. Na kama una mwasumini kwako, mkatie jirani tawi masika haya. Huenda siku moja ukamwendea kuliomba.