Sarafu kuukuu za Uingereza: Kasoro huwa mali, mnada huwa mtego

SARAFU moja ndogo ya dhahabu iliyookotwa shambani katika kijiji cha Hemyock, jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, iliuzwa mnadani mjini London Januari 2022 kwa pauni 648,000. Aliyeiokota mwaka 2021 alikuwa mtu wa kawaida aliyekuwa akipita na kifaa cha kutambua madini ardhini. Sarafu hiyo ilitengenezwa karibu mwaka 1257, enzi za Mfalme Henry III, na zinazojulikana kubaki za aina yake hazifiki kumi.

Habari za namna hiyo ndizo zinazowafanya watu wafungue makopo ya bibi na masanduku ya marehemu baba, wakitumaini kuwa nao wamekalia utajiri. Hata hivyo, soko la sarafu kuukuu lina kanuni zake kama lilivyo soko la kahawa au la pamba. Asiyezijua hununua kwa bei ya juu na kuja kuuza kwa bei ya kutupa.

Kanuni ya kwanza imo ndani ya bei hiyo hiyo ya Devon. Nyundo ya dalali iligongwa kwenye pauni 540,000. Pauni 108,000 zilizobaki zilikuwa ada ya mnada, ambayo hulipwa na mnunuzi juu ya dau lake. Anayesoma bei za minada bila kujua kama ada imo au haimo, anasoma hesabu nusu.

Uhaba, siyo uzee

Wengi huamini kuwa kadiri sarafu inavyozeeka ndivyo inavyopanda bei. Sivyo. Zipo sarafu za shaba za dola ya Kirumi zenye umri wa miaka zaidi ya 1,600 ambazo hununuliwa kwa pauni chache tu, kwa sababu ni nyingi mno. Kinachopandisha bei ni mambo matatu yakikutana: uhaba, hali ya sarafu yenyewe, na wingi wa watu wanaoitaka.

Dhahabu ya Henry III ilipata uhaba wake kutokana na kosa la kibiashara. Serikali ya mfalme iliipa thamani ya peni 20 za fedha, lakini haukupita muda mrefu dhahabu iliyokuwamo ikawa na thamani kubwa kuliko hizo peni 20. Wenye nazo wakaona faida iko katika kuziyeyusha. Ndiyo sababu zimebaki za kuhesabika kwa vidole.

Mfano mwingine ni peni ya mwaka 1933. Mwaka huo mabenki ya Uingereza yalikuwa na peni za kutosha, hivyo hapakuwa na haja ya kutengeneza nyingine. Zilipigwa chache tu kwa ajili ya kumbukumbu na kwa desturi ya kuweka sarafu za mwaka husika chini ya mawe ya msingi ya majengo. Uhaba huo umezaa uhalifu. Mwaka 1970 wezi walibomoa jiwe la msingi la kanisa moja mjini Leeds na kutoweka na peni iliyokuwa chini yake. Umezaa pia ughushi: watu huchukua peni ya mwaka mwingine iliyo tele na kuchonga upya tarakimu ya mwisho.

Aidha, zipo sarafu za Mfalme Edward VIII, aliyetawala mwaka 1936 kwa miezi isiyotimia kumi na moja kabla ya kujiuzulu mwezi Desemba. Sarafu zenye sura yake zilikuwa zimepangwa kutolewa mwaka 1937, na zilizokwisha kutengenezwa zilikuwa za majaribio tu. Kwa mapokeo, kila mfalme huangalia upande ulio kinyume na aliyemtangulia, lakini Edward alikataa. Alipenda upande wake wa kushoto uonekane, kama ulivyoonekana wa baba yake. Januari 2020 pauni moja ya dhahabu ya mfalme huyo ilinunuliwa na mkusanyaji mmoja kwa pauni milioni moja. Machi 2021 sarafu yake ya pauni tano iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 2.28.

Kasoro za kiwandani

Sehemu inayowavutia zaidi wanunuzi wenye mtaji mdogo ni ile ya sarafu zilizotoka kiwandani na kasoro. Ili kuielewa, yafaa kujua sarafu hutengenezwaje. Kipande tupu cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa upande wa nyuma, kikiwa kimezungukwa na pete ya chuma inayokizuia kisitanuke. Mashine hubana kwa nguvu kubwa, na chapa hutokea pande zote mbili kwa mara moja.

Kila hatua inaweza kwenda kombo. Kipande kikikaa upande, chapa hukatika na nusu ya sarafu hubaki tupu. Muhuri ukipasuka, ufa wake huonekana kama mstari ulioinuka juu ya sarafu. Sarafu ikinasa kwenye muhuri, ile inayofuata hupata sura ya mfalme upande mmoja na sura hiyo hiyo, iliyogeuzwa na kudidimia, upande wa pili. Kasoro inayotafutwa kuliko nyingi ni ile ya mihuri miwili isiyohusiana kuunganishwa kwa makosa.

Hilo ndilo lililotokea katika kiwanda cha serikali cha Llantrisant, Wales, mwaka 2008. Hadi wakati huo, tarehe ya sarafu ya peni 20 ilikuwa upande wa nyuma. Michoro mipya ilipotolewa, tarehe ilihamishiwa upande wa Malkia. Baadhi ya sarafu zilipigwa kwa muhuri wa zamani wa Malkia na muhuri mpya wa nyuma, zikatoka bila tarehe upande wowote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 300 Uingereza kutoa katika mzunguko sarafu isiyo na tarehe. Idadi yake ilikadiriwa kuwa chini ya 250,000.

Habari zilipoenea mwaka 2009, kampuni moja ilitangaza kununua kila moja kwa pauni 50. Wauzaji binafsi nao wakaanza kutaja maelfu ya pauni. Vumbi lilipotua, bei zilizolipwa kweli zilirudi kwenye makumi ya pauni. Ni faida nzuri kwa aliyeipata kwenye chenji ya duka, lakini ni hasara chungu kwa aliyenunua wakati wa mshawasha. Bei anayoitaja muuzaji si bei ya soko. Bei ya soko ni ile iliyolipwa.

Kasoro nyingine inayopotosha wengi ni ya peni mbili ya mwaka 1983. Sarafu za peni mbili zilizotolewa kuanzia mwaka 1971 hadi 1981 ziliandikwa NEW PENCE, yaani peni mpya, kwa kuwa Februari 15, 1971 Uingereza iliacha hesabu ya zamani ya peni 240 kwa pauni na kuanza hesabu ya peni 100. Mwaka 1982 maandishi hayo yaliondolewa na kuwekwa TWO PENCE. Lakini mwaka 1983 muhuri wa zamani ulitumika kwa makosa kwa sarafu chache zilizofungwa katika pakiti maalumu za wakusanyaji. Hizo huuzwa kwa mamia ya pauni. Zile za miaka ya nyuma zenye maneno hayo hayo zilipigwa kwa mamilioni na hazina bei ya ziada, ingawa hazikosi watu wa kuzinadi kama adimu.

Mnunuzi makini hutofautisha kasoro ya kiwandani na uharibifu wa mitaani. Sarafu iliyogongwa kwa nyundo, kuunguzwa, kukatwa au kuviringishwa kwenye mashine baada ya kutoka kiwandani haina thamani ya ukusanyaji. Hata zile zenye kichwa pande zote mbili, takriban zote ni kazi ya mafundi wanaokereza sarafu mbili na kuziunganisha kwa ajili ya wafanya mazingaombwe.

Hesabu ya mnada

Mnadani, kila sarafu au fungu la sarafu hupewa namba, maelezo na makadirio ya bei katika orodha inayotolewa kabla ya siku yenyewe. Zipo siku za kukagua mali kwa macho. Asiyeweza kufika huacha dau lake kwa maandishi, hutuma wakala, au hushiriki kwa njia ya intaneti. Mara nyingi muuzaji huwa ameweka bei ya chini ambayo haitangazwi. Dau lisipoifikia, mali hurudi kwa mwenyewe.

Mtego mkubwa uko katika gharama. Chukua mfano wa sarafu iliyogongewa nyundo kwa pauni 1,000. Ikiwa ada ya mnunuzi ni asilimia 24, ataongeza pauni 240. Juu ya ada hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya Uingereza ya asilimia 20, yaani pauni 48. Jumla ni pauni 1,288, kabla ya gharama za kutuma, bima na ushuru wa nchi anakotoka mnunuzi. Madau ya intaneti huweza kuwa na makato yake zaidi.

Muuzaji naye hukatwa. Kamisheni yake ikiwa asilimia 15, ataondoka na pauni 850. Kwa maana hiyo, aliyenunua kwa pauni 1,288 akitaka kuuza mnadani bila hasara, lazima nyundo igongwe kwenye pauni 1,515 au zaidi. Bei ya sarafu inapaswa kupanda kwa zaidi ya nusu ndipo arudishe fedha yake tu, bila senti ya faida. Anayenunua leo ili auze mwaka ujao anacheza kamari.

Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wazoefu hufanya hesabu kinyumenyume. Huanza na kiasi wanachokubali kulipa kwa jumla, wakatoa ada na kodi, na kinachobaki ndicho huwa dau lao la mwisho. Wakishaliandika hawalivuki, hata ukumbi ukipata moto kiasi gani.

Hali ya sarafu nayo huamua mengi. Sarafu mbili za mwaka mmoja, moja iliyochakaa mifukoni na nyingine ambayo haijapata kutumika, zinaweza kutofautiana bei mara kumi au zaidi. Kosa la kawaida kabisa ni kusafisha. Mtu huona peni imefifia, akaisugua kwa majivu, ndimu au dawa ya meno hadi ing'are. Kumbe rangi aliyoiondoa ndiyo aliyokuwa akiitafuta mnunuzi, na mikwaruzo aliyoiacha haifutiki tena.

Kopo la nyumbani

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki bado zipo sarafu zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Shilingi zake zilizotolewa tangu mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu. Kila moja ina uzito usiofika gramu nane, hivyo fedha safi ndani yake haifiki gramu mbili. Zile za kuanzia mwaka 1948 hazina fedha hata kidogo.

Iko moja yenye historia ya kuvutia. Ni senti kumi ya tundu ya mwaka 1936, yenye pembe za ndovu, iliyoandikwa jina la Edward VIII. Kwa kuwa sarafu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, hazikuhitaji kusubiri ubishi wa upande gani aangalie. Zikatolewa na zikatumika sokoni, ilhali Waingereza wenyewe hawakupata kutumia peni yenye sura yake. Baadhi zina herufi ndogo H au KN, alama za viwanda vya Birmingham na King's Norton.

Pamoja na historia hiyo, zilipigwa kwa mamilioni, na iliyotumika huuzwa kwa pauni chache tu. Ikiwa haijaguswa na mikono hupata zaidi. Mwenye nayo asitarajie milioni za London, lakini pia asimwachie mpita njia kwa bei ya peremende.

Kwa anayetaka kuingia katika biashara hii, pauni ya dhahabu ya Uingereza ndiyo yenye hatari ndogo. Ina uzito wa gramu 7.98, na dhahabu safi ndani yake ni gramu 7.32. Soko la wakusanyaji likianguka, thamani ya dhahabu hubaki. Peni isiyo na tarehe haina kinga hiyo. Wakusanyaji wakiichoka, itabaki kuwa peni 20.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Stakabadhi ya mnada, namba ya sarafu katika orodha na jina la mkusanyaji aliyeimiliki zamani ni sehemu ya bei. Sarafu isiyo na karatasi hupokewa na wanunuzi kwa shaka, na shaka hiyo hulipwa na muuzaji.